Kondoo Waliobaki Majanini

Maji ya Tana yalipoanza kurudi mtoni mwaka ule wa hamsini na saba, kijiji chetu karibu na Garsen kilishangilia. Kwetu sisi Wapokomo, tope ni mpunga. Mimi nilishangilia mara mbili. Kila mahali maji yalipopita majani mabichi yalichipua, nami nilikuwa na kondoo wanne wenye mimba na dume lao.

Walikuwa kondoo wa Kiorma: vichwa vyeusi, manyoya mafupi kama ya mbuzi, mikia imejaa mafuta. Niliwapata kwa Guyo, mfugaji Muorma, kwa magunia ya mpunga, nikawajengea zizi nyuma ya nyumba, lenye sakafu ya fito iliyoinuliwa ili kwato zisioze. Mjomba alicheka mbele ya watu.

"Mpokomo na kondoo! Kesho utatuambia umekamua mamba."

Nikaapa kwamba mwana-kondoo wa kwanza nitamfunga mlangoni pake. Mke wangu Esha alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Alihesabu kwa vidole akasema yeye na kondoo wake watajifungua mwezi mmoja.

Asubuhi moja Guyo alipita na kundi lake lote. Hakukubali hata kuketi.

"Dhadho, toa kondoo yako, twende kule juu kavu, mchanga mwekundu."

"Niyaache majani haya? Una wazimu?"

"Majani mazuri, ndiyo. Na mbu? Maji ikirudi, mbu hii inatoka. Kondoo inatupa mimba yote. Baba yangu aliona."

"Mbu tumezaliwa nao, bwana. Nitawasha moshi."

"Moshi!" Alimtazama Esha, akapunguza sauti. "Basi huyu mama asishike kitu itatoka kwa kondoo."

Nilimwambia mke wangu si wa kuzungumzwa na wachungaji. Akaondoka bila kuaga. Kwa hasira nikatunga haya, na kabla ya jua kuzama watoto wote walikuwa wameyashika:

*Guyo ameona maji, mbio kashika njiani;*
*Sisi wenyewe wa mji, tumebaki majanini.*

Siku ya tisa tangu Guyo aondoke nilirudi kutoka shambani nikamkuta Esha amepiga magoti zizini. Kondoo wa kwanza alikuwa ametupa mimba. Kiumbe kile kililala kwenye kanga yake, hakina hata manyoya, naye alikuwa akikifuta pua kwa vidole.

"Nilidhani anapumua," alisema.

"Nawa mikono!"

"Nimenawa mara moja. Kisha kondoo wa pili naye akatupa."

Kesho yake akatupa wa tatu. Dume lilitoka damu puani, likaanguka kando ya moshi wangu, na moshi ukaendelea kupanda juu yake kama kwamba kazi yake ilikuwa hiyo. Mjomba alipita njiani. Nilisubiri kicheko. Alifunika pua kwa shuka, akaharakisha.

Alibaki kondoo mmoja. Alisimama ameinamisha kichwa, majani mazuri yamelala mbele yake, hayagusi. Tumbo lake lilikuwa bado limejaa. Nikameza kiburi changu chote. Nikachukua kamba. Tungekwenda kwenye mchanga mwekundu, mimi, Esha na kondoo huyo mmoja, na nikifika ningemwambia Guyo neno lolote alitakalo.

Niliingia ndani kumwita Esha. Alikuwa ameketi mkekani, mgongo umeegemea ukuta, macho mekundu. Niliweka kiganja kwenye paji la uso wake, nikakiondoa upesi. Uliwaka.

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri. Sikutaka kukuongezea."

Nje watoto walipita wakienda mtoni, wakiimba kwa furaha, wakipiga makofi: *tumebaki majanini, tumebaki majanini.*

"Waambie wanyamaze," Esha alisema. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Kiuno kinakata, Dhadho. Kinakata, kinaachia, kinakata tena. Na mwezi wangu bado."

Kamba ilikuwa bado mkononi mwangu.