Alama ya Bluu kwenye Usukani

Dada Rangi hakuwa na mpango wa kugombana na mtu siku ile. Kazi yake ilikuwa moja tu: kumpaka Shemeji rangi. Shemeji ni lile sanamu la kilo themanini linalokalishwa nyuma ya usukani magari yakigongeshwa ukutani kupimwa usalama. Wamemwita hivyo kwa sababu kiti cha mbele ni chake kila siku na hachangii hata neno. Unampaka bluu kwenye paji la uso, nyekundu kidevuni, kijani magotini. Gari likishagonga, rangi inakwambia mwili ulipiga wapi.

Saa tatu asubuhi, dakika tano tu baada ya Shemeji kupakwa, gari likaachiwa. La familia, la ukubwa wa kati, jipya linanukia. Puu! Pua ikakunjika kama karatasi, mfuko wa hewa ukafumuka, vioo vikamwagika. Wakapiga picha, wakapima milango, na saa saba mchana ndipo wakamnyanyua Shemeji.

Dada Rangi akachungulia nyuma ya mfuko uliosinyaa. Juu ya usukani, upande wa kushoto: bluu. Yaani kichwa kimeteleza kwenye mfuko kikaenda kupiga usukani wenyewe.

"Hiyo ni wewe," akasema Injinia, mkubwa wa maabara, ripoti ya nyota tano za usalama mkononi. "Mlipomtoa, paji likasugua. Futa tuendelee."

"Sifuti, bosi."

"Vipimo vya kichwani viko chini ya kikomo cha hatari, dada."

"Chini kwa unywele! Humu watu watapakia watoto. Baba wa watu ataendesha akijua mfuko utamdaka, kumbe unamkwepa."

Jicho, fundi wa kamera, akakohoa. Kamera zake zote zilizibwa na mfuko, hazikuona kitu. "Mimi simo," akasema. "Ila huyu akishasimama hivyo, hata trekta halimng'oi."

Dada Rangi akachukua kopo lilelile, akapaka paji la sanamu la akiba, akavuta kiti. "Tukae nusu saa."

"Nusu saa nzima?"

"Shemeji kakaa garini saa nne nzima. Mimi naomba nusu."

Injinia akazunguka, akapiga simu, akarudi. Muda ulipotimia, Dada Rangi akashika usukani wa akiba, akausugua kwenye paji lile mpaka sanamu likayumba. Wapi! Akampa bosi. "Una kifua cha kubishana, sasa tumia na mikono."

Injinia akasugua mpaka jasho likamtoka. Usukani safi.

"Ikikauka haiachii," Dada Rangi akasema. "Ile ya kwenye gari ilipigwa mbichi. Na mbichi ilikuwa saa tatu tu, wakati wa kugonga."

Injinia akafuta nyota, akaandika. Dada Rangi akasoma juu ya bega lake: *Kichwa huenda kiligusa usukani.*

"Bosi, toa hiyo 'huenda'. Na kugusa ni kwa mtu anayepapasa. Kiligonga."

Jicho akacheka puani. Injinia akakata, akaandika upya, kalamu ikichimba karatasi. "Haya, gari linarudi kwa waliolitengeneza. Warekebishe mfuko, tuligongeshe tena. Umeridhika?"

"Likishagonga tena," akasema Dada Rangi, "ndipo uniulize."