Maji ya Kupoza Injini

Mizimu mimi siiamini, na anayenijua anajua pia kwamba sipendi kubishiwa. Lakini tangu nirudi kwenye chumba cha pampu, marehemu kaka yangu ananisemesha. Mchana kweupe, nakaza nati, nasikia: "Iko wazi, mdogo wangu." Nageuka, hakuna mtu.

Kaka ndiye aliyeendesha pampu ya zimamoto ya kiwanda, ile ya injini ya dizeli. Mabomba ya kuipoza niliyafunga mimi. Sehemu ya maji ya pampu huchepushwa kwenye bomba dogo, yakaipoza injini, kisha yakamwagikia kwenye faneli iliyo wazi ili mwendeshaji ayaone kwa macho. Asipoyaona, ajue kuna hatari.

Siku ghala lilipowaka alinipigia simu. "Maji hayatoki kwenye faneli."

"Fungua valvu ya pembeni, maji yapitie huko."

"Iko wazi, mdogo wangu."

"Kaka, mabomba hayo nimeyafunga mimi. Usinibishie. Fungua!"

Akabaki anahangaika nayo kwa sababu nilimwambia mimi. Injini ikachemka, ikagoma, na moshi wa ghala ukamkuta mlemle ndani. Kwenye uchunguzi nilijibu bila kupepesa macho kwamba alisahau kufungua valvu. Niliamini hivyo. Mtaani wakaongeza chumvi, eti alikuwa amelala kazini. Mpaka leo binti yake hurudi kutoka shuleni macho yamevimba.

Sasa imeletwa injini mpya, nami nikaitwa kung'oa mabomba ya zamani na kufunga mengine. Mwenzangu, mchomeleaji, hana dogo.

"Fundi, unaongea na bomba? Likikujibu uniite."

Nilicheka ili yaishe. Ukweli ni kwamba niliogopa, na sikutaka kubaki peke yangu mle ndani hata kwa muda wa kwenda kunywa maji.

Siku ya tatu nilikata kona ya mwisho, ile inayoingia kwenye injini. Kulikuwa na kitu kimekaba. Nilikivuta kwa koleo, kikatoka kitambaa kilichojisokota, chekundu kwa kutu. Nikakaa chini.

Sisi mafundi bomba tuna mazoea hayo. Ukiacha bomba wazi, unaliziba mdomo kwa kitambaa ili chenga za chuma zisiingie, na ukirudi unakitoa. Siku ya kufunga mabomba yale niliitwa kula, nikarudi na haraka zangu, nikaunga. Wakati wa majaribio injini ilinguruma dakika tatu tu, maji yakajipenyeza, tukapigiana makofi.

Mchomeleaji alikitazama, akanitazama. "Kitupe," alisema. "Nani atajua?"

Nilikitia mfukoni, nikaenda moja kwa moja kwa shemeji, mjane wa kaka. Alikuwa anaanika nguo. Nilimpa mkononi. Alikikunjua, akakisugua kwa kidole mpaka maua ya njano yakaonekana.

"Hiki ni cha gauni langu. Si nilikupa ufutie mikono?"

"Kilikuwa ndani ya bomba, shemeji. Nilikisahau mimi."

Aliendelea kukisugua mpaka nikatamani anizabe kofi. "Na valvu?"

"Ilikuwa wazi. Aliniambia, nikamkatalia."

Hakunitukana. Aligeukia mlangoni, akamwita binti yake.

"Mwanangu, njoo. Baba yako mdogo ana neno kuhusu baba, na atakuambia kwa kinywa chake."

Nikasikia ndala zikija.