Fundi Arudi Kwenye Dripu

"Sihitaji kusindikizwa na mtu. Sindano ndiyo kazi yangu!" fundi cherehani alijigamba asubuhi ile.

Saratani ya mitoki ilikuwa imemrudia baada ya miaka mitatu, na leo alikuwa anaanza upya dawa za dripu. Dada yake hakubishana naye. Alichukua mashati mawili na kopo la vifungo, akamfuata mpaka wodini, akaketi kando ya kitanda na kuanza kushona.

"Kifungo gani hicho, dada? Kimekaa kama kimelewa!"

"Wewe tulia na dripu yako. Leo fundi ni mimi."

Fundi cherehani alicheka mpaka chupa ya dawa ikatikisika. Dawa ilishuka tone kwa tone, na ile hofu aliyokuwa nayo tangu majibu ya vipimo yatoke ikaanza kupungua. Hata hivyo, mdomo haukumtulia.

"Ujue huyu kaja kwa ung'ang'anizi wake," alimwambia muuguzi. "Mimi sikumtaka."

Muuguzi alimkazia macho. "Kwani si wewe uliyenipigia simu jana, mara mbili, kuuliza kama dada yako ataruhusiwa kukaa humu?"