Hoteli Aliyoichagua Truphena

Bahari ya Jedda, asubuhi, hung'aa kama sinia lililosuguliwa kwa majivu. Truphena aliitazama kutoka juu ya paa, akianika mashuka ya watu, akampigia mdogo wake simu na kujisifu: nyumba hii ya mtaa wa Al-Rawdah, usukani ni mimi. Baba mwenye nyumba ana pesa, madam ana sauti, lakini nikisema kushoto, ni kushoto.

Na kweli, mwaka ule usukani alipewa. Familia ilikuwa inaenda likizo Beiruti, na madam hakukipenda Kiingereza, wala Kiingereza hakikumpenda yeye. Akamwekea Truphena kompyuta kwenye meza ya jikoni, kando ya vitunguu. Yalla, Truphena, chagua hoteli.

Chagua, Truphena, chagua. Wewe wa kidato cha nne, wewe wa insha ndefu, wewe uliyezoea kuchagua mchele.

Zilikuwepo hoteli kubwa kama wilaya, zenye mabwawa mbele na vyumba vya wafanyakazi nyuma. Akazipita. Zilikuwepo za marumaru, zenye mabawabu waliovaa kama maharusi. Akazipita. Akatua kwenye kihoteli kimoja chembamba, kimebanwa kati ya nyumba za zamani, roshani zake za chuma zikiichungulia bahari.

Hakuitaka bahari. Aliitaka barabara ya mbele yake. Barabara ile ndiyo Beldina, mdogo wake, aliyoipita kila jioni akimtembeza mbwa wa tajiri wake. Ajenti mmoja aliwatoa Kakamega siku moja, akawagawa kama vifaranga sokoni: huyu Saudia, yule Lebanoni. Mama yao akazikwa wakiwa huko. Mmoja alilia akipiga pasi, mwenzake akisugua choo, na hawajawahi kulia pamoja. Hicho tu ndicho Truphena alichokitafuta katikati ya picha zile zote: mahali pa kumlilia mama, na mtu wa kulia naye.

Akamsomea madam sifa za kihoteli, akazitia chumvi, akazitia na asali. Madam akapenda. Baba akalipa. Na Truphena, mlezi wa mapacha wa nyumba ile tangu wakiwa wa kubebwa, angeachwaje? Beldina alipoambiwa alicheka mpaka mbwa akabweka.

Safari ilipokaribia, madam akaja jikoni kwa upole, na upole wa madam ulikuwa wa kuogopwa. Hoteli uliyotuchagulia ni nzuri, Truphena, ila ndogo. Vyumba vimejaa. Kitanda chako, mafi, hakuna. Utakaa Riyadh kwa mama yangu mpaka turudi. Halas, yameisha.

Halas. Kule kwenye zile hoteli kubwa alizozipita, kitanda chake kilikuwepo. Amepika, amepakua, amesahau sahani yake.

Ee Riyadh, vumbi lako halina adabu. Ukilifagia linakupisha, ukigeuka limeketi. Truphena alifagia kwa nyanya wa mapacha, akageuka, akafagia. Beldina alipopiga simu, Truphena alishindwa kumwambia ukweli. Akasema wanafunga masanduku. Alipopiga tena, akasema ndege imechelewa. Kicheko cha mdogo wake kilikuwa kimerudi juzi tu. Angekizima kwa mdomo gani?

Njia ya mwongo ni fupi. Jioni simu ikalia.

"Tuko kwa teksi, siz," Truphena akasema, ufagio mkononi. "Beiruti mna jam kuliko Nairobi. Wewe ngoja tu hapo mlangoni."

Upande wa pili, mbwa akahema.

"Teksi imefika kitambo," Beldina akasema. "Nimeona mapacha wako. Nimeona madam na miwani yake. Nikangoja wa mwisho ashuke, dereva akafunga mlango. Siz, uko wapi?"

Truphena akafungua kinywa, vumbi likaingia. Na sikioni mwake, nyuma ya pumzi za mdogo wake, bahari aliyowachagulia watu ikavunjika, ikavunjika tena, haina mng'aro, haina rangi, sauti tupu.