Guracha wa Shimo la Mwisho

Karimi alikuja kwetu Kiwanjani na daftari nene, akaniudhi kabla hata hajaketi. Anaandika historia ya mashindano ya taifa ya gofu ya kulipwa, na daftarini mwake, kwenye ukurasa wa mwaka alioshinda Koome, aliyembebea mkoba wa fimbo ameandikwa "kedi namba 41". Baba yangu, Mzee Bule, mtu mzima mwenye jina lake, ati namba!

"Koome hajui jina, na kuna mzee mwingine anasema ni yeye," Karimi alisema. "Kitabu inaenda kuchapishwa kesho. Mzee, uko na picha? Barua?"

"Sina." Baba alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi tangu alfajiri kwa ajili ya ugeni huo. Roho iliniuma.

"Basi shimo ya mwisho ulimwambia Koome iko mbali yadi ngapi?"

"Mimi sikuwa nahesabu."

Karimi akafunga daftari. Nilitamani kumfukuza, na Baba nilitamani kumtikisa. Lakini kwetu Waborana mifugo haihesabiwi hovyo, ni kuikaribishia mkosi. Unaijua kwa rangi na tabia. Baba alitoka kijijini Gotu na mazoea hayo, akaingia nayo uwanja wa gofu.

"Kila shimo nilipatia jina ya ng'ombe ya nyumbani," alisema polepole. "Ya mwisho ilikuwa Guracha, ile nyeusi. Ukimpeleka kisimani anapinda kushoto hata njia ikiwa sawa. Mpira hapo ilikuwa inafanya hivyo hivyo. Nikaambia Koome, 'Huyu ni Guracha, lenga kulia.'"

Karimi alimtazama, kisha akampigia Koome simu, akaweka spika.

"Mzee, kedi wako alikuwa anaita shimo ya mwisho nini?"

Nilishika mkono wa Baba.

"Guracha," sauti ya kizee ikajibu. "Nani amekuambia? Hiyo sijawahi ambia mtu, wangenicheka. Ako hapo? Nipe yeye!"

Baba alipokea simu kwa mikono miwili. "Salaam aleikum, Koome."

"Ndugu yangu! Ulinipatia kombe, na mimi hata jina sikukuuliza. Tulikuwa tunawaita namba tu. Nisamehe. Unaitwa nani?"

"Bule," Baba alisema, machozi yakimtoka. "Bule Adan, wa Gotu."

Karimi alikuwa ameshafungua daftari, akiikata ile namba. Nilisimama nyuma yake mpaka alipomaliza kuandika jina lote.