Wiki za Kliniki, Wiki za Darasani

Wanafunzi walimwita Mama Wiki, naye alijua, na moyoni alilipenda jina hilo kuliko vyeo vyote vilivyoandikwa mlangoni pake. Aliwafundisha madaktari watarajiwa jinsi binadamu anavyoumbika tumboni, na hakuna jibu lililompita bila kulitoza ushuru wa swali: wiki ya ngapi? Moyo umeanza kupiga, sawa, wiki ya ngapi? Vidole vimeachana, wiki ya ngapi? Hata mpishi wa kantini ya chuo, akichelewesha chai, aliulizwa itachemka wiki ya ngapi.

Siku hiyo walikuwa wamefika kwenye uso. Mama Wiki hakuwa na imani na picha za vitabuni. Alimgawia kila mmoja donge la plastisini na kuwaambia wafinyange wenyewe: paji linashuka kutoka juu, mashavu yanakuja kutoka pembeni, taya linafunga chini, macho bado yako pembeni mwa kichwa kama ya samaki. Vyote vinasogeleana mpaka vishikane, na pale visiposhikana mtoto huzaliwa na mwanya. Mdomo wa juu hutangulia kufunga. Kaakaa, lile dari la kinywa, huchelewa, huanza kuinuka wiki ya nane na kukutana karibu na ya kumi. Mwanzoni ni vibao viwili vya nyama vinavyoning'inia kila upande wa ulimi, vikisubiri ulimi ushuke uvipishe. Ukishashuka, vinainuka, vinalala, vinakutana katikati. Alionyesha kwa viganja vyake mwenyewe, na darasa zima likainua viganja kumfuata, hata wale wa nyuma waliokuwa wakisinzia.

Akawatajia wachokozi wa kazi hiyo: urithi, dawa fulani, maradhi fulani, na mara nyingi sababu isiyojulikana na yeyote. Hapo mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa mama mtu mzima aliyewahi kuwa mkunga kabla ya kurudi kusoma, na pua aliyoifinyanga ilikuwa kubwa kuliko paji. Aliuliza kama wiki hizo zinahesabiwa tangu mimba itungwe, maana kliniki wao wanahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na hapo katikati kuna wiki mbili hivi za ziada. Ni swali la kila mwaka. Mama Wiki alilijibu bila kugeuka, chaki ikienda: hizi ni za kutungwa, ukiletewa za kliniki toa mbili. Akaandika mfano wa kwanza uliomjia, kliniki kumi, kiinitete nane.

Chaki ikagoma hapo hapo kwenye nane. Kumi ndiyo aliyoambiwa na mdogo wake kwenye simu, miezi miwili iliyopita.

Mdogo wake huyo alikuwa fundi wa nguo, mziwanda wa nyumba yao, na alikuwa na kifafa tangu utotoni. Dawa ilikuwa imemtuliza kiasi kwamba wateja wake wengi hawakujua. Daktari wake alishamwonya zamani kwamba siku akitaka mtoto aje kwanza, maana ile dawa ina tabia ya kuharibu vinywa vya watoto walio tumboni, na lazima ibadilishwe taratibu. Lakini mimba haikupiga hodi. Alipoigundua, daktari yuko likizo, na kadi ya kliniki imeandikwa wiki ya kumi. Ndipo akampigia dada yake amuulize: amsubiri daktari arudi baada ya wiki mbili, au kesho aende hospitali kuu akapange foleni na mtu asiyemjua?

Mama Wiki alikuwa akisahihisha mitihani, simu kaibana begani. Alisikia kumi, akaichukua kama kumi ya darasani. Akamwambia uso umeshafunga, mdomo na kaakaa, hakuna cha kukimbilia, amsubiri daktari wake na dawa asiiache hata siku moja. Hilo la mwisho lilikuwa sahihi. Hilo la kwanza lilikuwa la mtu aliyetaka kurudi kwenye karatasi zake. Mdogo wake akashukuru, akakaa ametulia, na katika wiki hizo mbili za kutulia ndipo vibao vilipokuwa vinainuka.

Pale ubaoni, chaki bado mkononi, aliliruhusu darasa kabla ya wakati. Wanafunzi walifurahi, kama ilivyo ada yao, wakaondoka na kumwachia mezani nyuso za plastisini, nyingine zimekaa upande. Alijikuta ulimi wake unapapasa dari la kinywa chake, unakwenda mbele, unarudi nyuma, hautulii. Mimba ya mdogo wake sasa ilikuwa imepita miezi minne. Kilichofunga kimefunga, na ambacho hakikufunga hakingefunga tena.

Alasiri hiyo hiyo alikwenda kwa mdogo wake amwambie. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na aliyapanga vizuri sana. Chumba cha ushonaji kilikuwa na cherehani mbili, pasi iliyoachwa wima, na marundo ya sare za shule yaliyofika madirishani. Mdogo wake alikuwa kwenye cherehani, tumbo limeanza kumsogeza mbali na meza, pini kaziuma kwenye midomo. Akazitema kiganjani, akamtambulisha kwa mteja aliyekuwa akipimwa: huyu ndiye dada yangu profesa, huyu ndiye aliyenitoa hofu, mtoto wangu uso wake ulishakamilika zamani. Mteja akampa hongera. Mama Wiki akazipokea.

Kisha mdogo wake akagundua pindo la sketi ya dada yake limefumuka, akamlazimisha asimame juu ya kigoda. Alipiga magoti kwa shida, akashona huku akipiga soga kuhusu majina ya watoto na mume wake ambaye ameshanunua rangi ya chumba kabla ya kujua ni mtoto gani. Mama Wiki alikuwa kasimama juu ya kile kigoda akitazama utosi wa mdogo wake. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yamekimbia, na woga aliouona pale haukuwa wa mtoto tena, ulikuwa woga wa kutazamwa na mdogo wake kwa macho mengine. Akashuka, akaaga, akaondoka na pindo lililoshonwa vizuri na aibu ya mtu mzima.

Wiki iliyofuata ilifika siku ya kupigwa picha ya mtoto tumboni. Mdogo wake alimsihi aje, awatafsirie hayo mawingu ya kwenye kioo. Chumba kilikuwa na giza na baridi ya kipoza hewa, na shemeji yake, fundi wa kupaka rangi magari, alisimama karibu na kichwa cha mkewe akiwa kavaa shati la kutokea. Mpiga picha alimwaga ute wa baridi tumboni, akateleza na kifaa chake. Moyo huo hapo. Uti wa mgongo. Miguu, inapiga teke. Mama Wiki hakutafsiri kitu, alikuwa anangojea uso. Ulipokuja ulikuja kwa mbele, matundu mawili ya pua kama matobo ya kifungo, na chini yake mdomo, mstari mmoja usiokatika. Mpiga picha akasema mdomo mzima kabisa. Shemeji akacheka, akambusu mkewe kwenye paji.

Hapo angeweza kunyamaza. Kila mtu chumbani alikuwa na furaha yake na hakuna aliyemuuliza. Lakini roho ilikuwa juu, na swali likamtoka kabla hajalizuia: na kaakaa je? Mpiga picha akajaribu, akageuza kifaa huku na huku, kisha akasema kaakaa hujificha nyuma ya mifupa ya uso, kwa mashine hii hawezi kuapa, litajulikana akizaliwa.

Mdogo wake akageuza shingo pale kitandani. Alimuuliza kwa nini anauliza kaakaa wakati yeye mwenyewe alisema limeshafunga. Mama Wiki akasema wataongea nje.

Nje kulikuwa na benchi refu la mbao na akina mama wengine wanaosubiri zamu. Shemeji alikwenda kuchukua majibu. Mama Wiki alipiga moyo konde, akaeleza yote: wiki za kliniki na wiki za darasani, kumi ambayo ilikuwa nane, mitihani, simu begani. Hakujitetea.

"Kwa hiyo wakati mimi nimekaa nimetulia," mdogo wake akasema, "ndiyo lilikuwa linafunga."

"Ndiyo."

"Na hili umelijua lini, dada?"

"Wiki iliyopita."

Mdogo wake aliangalia ile sketi. Akalitazama pindo lake kwa muda, kama fundi anayekagua kazi yake mwenyewe. "Nilikuwa nimepiga magoti mbele yako," akasema. "Ukanyamaza." Akanyanyuka, akamfuata mume wake, na hakugeuka.

Daktari wa kifafa, aliyekuwa amesharudi na ameshaanza kuibadilisha dawa, aliwaambia wasitafute mchawi. Hata angeonwa siku ile ile, dawa ya namna hiyo haibadilishwi kwa usiku mmoja, na degedege moja baya lingeweza kumdhuru mtoto zaidi. Pengine zile wiki mbili zilifanya kitu, pengine hazikufanya. Haya yote Mama Wiki aliyapata kwa shemeji, maana mdogo wake hakupokea simu zake. Shemeji alikuwa mtu mwema, akimpigia mwisho wa juma kwa sauti ya chini, akimwambia anakula vizuri, analala vizuri, degedege haijarudi, lakini bado hataki, shemeji, mwache kwanza.

Akamwacha. Ilikuwa adhabu ya haki, na hiyo haikuipunguzia makali. Alifundisha figo, akafundisha masikio, na kila alipofika nyumbani alihesabu miezi iliyobaki mpaka akajichukia kwa kuhesabu. Hofu ilimpokonya usingizi na hamu ya chakula. Kuna siku alimwona mtoto mgeni ofisini kwa mwenzake akipiga miayo, akajikuta ameinama kumchungulia kinywani, mama wa mtoto akamvuta mwanawe pembeni. Alipochoka kuogopa bila kufanya kitu, alianza kwenda wodi ya watoto siku za Jumamosi, kwa muuguzi aliyewalisha watoto wenye mwanya. Muuguzi alimfundisha kumkalisha mtoto wima, kumpa maziwa kwa kikombe kidogo, kumsubiri ameze. Alikuwa mwanafunzi mbaya, alimwaga sana, na muuguzi hakumficha.

Simu ya shemeji iliingia asubuhi, katikati ya kipindi. Mtoto amezaliwa, wa kike, analia vizuri, mama mzima. Kisha akashusha sauti: mkewe amekataa mkunga amkague mtoto kinywa, anasema hakuna kidole kitakachoingia humo mpaka dada yake afike. Mama Wiki aliwaacha wanafunzi na ini lililochorwa nusu ubaoni.

Mkunga alimpokea mlangoni akiwa kakasirika, na alikuwa na haki yake. Mdogo wake alikuwa kitandani ameegemea mito, amechoka, nywele zimemwangukia usoni, mtoto kifuani anatafuta ziwa, analishika, analiachia, analia. Hawakusalimiana. Mama Wiki alinawa mikono mpaka vidole vikauma, akavaa glavu aliyopewa, akainama.

"Ukipata kitu useme hapo hapo," mdogo wake akasema. "Usikae nacho."

Aliingiza kidole cha mwisho taratibu. Mtoto akakidaka na kukinyonya, na nguvu za kunyonya huko zilikuwa haba. Fizi, nzima. Kaakaa la mbele, lile gumu, limekutana vizuri katikati. Akasogea nyuma, pale panapokuwa laini. Ncha ya kidole ikapanda juu, pasipotakiwa kupanda.

"Kuna mwanya," akasema. "Nyuma, sehemu ya laini. Mbele kumefunga. Unashonwa, akikua kidogo wanaushona, lakini upo."

Shemeji alikaa chini kwenye kiti bila kuangalia kama kiti kipo. Mkunga akavaa glavu yake, akahakikisha, akatikisa kichwa kukubali. Mdogo wake hakulia. Alimtazama mtoto, akapitisha kidole juu ya ule mdomo mzima, mstari usiokatika, kisha akainua macho.

"Ni zile wiki mbili?"

Mama Wiki alikuwa na majibu mengi, ya vitabu na ya daktari, na mengine yangemtua yeye mwenyewe mzigo. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta kwa sababu ya glavu.

"Sijui," akasema. "Na sitajua kamwe."

"Afadhali ungenijibu hivyo siku ile."

Mtoto alianza kulia tena, kilio cha njaa. Mdogo wake akasogea kitandani kwa maumivu, akaacha nafasi ya mtu mmoja kukaa. Mume wake alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba dada huenda wodi ya watoto siku za Jumamosi, kumbe habari zilikuwa zinakwenda na kurudi. Sasa akamuuliza huyo dada kama kweli amejifunza kulisha au alikuwa anawamwagia watu maziwa tu.

"Namwaga," Mama Wiki akasema, "lakini siku hizi kidogo."

Akakaa. Mkunga akaleta kikombe, mama akakamua maziwa yake mwenyewe, na mtoto akakalishwa wima kati yao wawili, mmoja akimshika shingo, mwingine akiinamisha kikombe mpaka maziwa yaguse mdomo. Walisubiri. Mtoto akameza.