Mfereji Chini ya Majivu

Ndugu wasomaji, simameni wima! Naitangaza historia tukufu ya bonde letu la milimani, tangu zama za mawe hadi asubuhi ya Jumanne, Shangazi yangu alipokuwa amepiga magoti shimoni, akikwangua udongo kwa mwiko wa mwashi uliolika nusu.

Alikuwa kibarua wa uchimbaji. Juu yake, chini ya mwavuli, alisimama Mkaguzi wa mambo ya kale, viatu vikimetameta.

"Mama, wiki tatu hujatoa hata jino la panya. Saa sita tunafukia, nyote mwende nyumbani. Bonde hili halijawahi kukaliwa. Ripoti nimeshaandika."

"Umeandika kabla hatujamaliza kuchimba?"

"Mimi ni mtaalamu."

"Na mimi nina magoti, baba. Yanalijua shimo hili kuliko mwavuli wako."

Vibarua wenzake walichekea puani.

Saa tano na nusu mwiko uligonga kigae chenye nakshi. Mkaguzi alishuka mbio, viatu akavisahau.

"Miaka elfu mbili! Nilijua tangu mwanzo! Hatufukii tena!"

Vibarua walishangilia. Shangazi alibonyeza udongo kando ya kigae. Kidole kilizama hadi kwenye kiungo.

"Ardhi iliyolala miaka elfu haimezi kidole," alisema. "Hiki kimezikwa jana."

"Nyamaza, dada! Unatumwagia unga!" mwenzake alinong'ona.

"Kazi ya uongo siitaki."

Alikiweka kigae pembeni, akageukia ukuta wa shimo. Chini ya tabaka la majivu palipita mstari mweusi wa tope laini. Juzi alipouonyesha, Mkaguzi alisema ni mzizi. Sasa aliufuata kwa mwiko. Likatokea jiwe, na la pili, kisha safu mbili nzima, zimepangwa kama meno, zikiteremka kuelekea matuta ya zamani yaliyofunikwa na nyasi.

"Mfereji," alisema. "Watu walileta maji hapa, wakalima. Sogea, baba, umekanyaga shamba la wenyewe."

Mkaguzi alisogea. Akafungua daftari: "Umegunduliwa na Mkaguzi..."

"Futa. Andika vibarua."

Majembe yote yalisimama. Mkaguzi alitazama huku na huku, akafuta. Saa sita ilifika, ikapita, na hakuna aliyefukia hata kiganja kimoja cha udongo. Vigelegele vilipanda mlima.

Ndipo Shangazi alipokiokota kigae, akanitazama nilipojibanza nyuma ya toroli. "Mwanangu, njoo na kucha zako zenye udongo."

Basi nakiri. Nilikizika mimi, asifukuzwe. Ni kipande cha chungu cha maua cha Mwalimu Mkuu wa shule yetu ya bweni, ambaye hadi leo anaulaumu upepo.